Uwanja Ulio Baina ya Nyumba

Riziki, siha na amani katika mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi akaishika Barabara ya Jogoo kuelekea mashariki huijua mitaa ya Eastlands kwanza kwa nyumba zake: vigae na kuta za mawe za Kaloleni, safu za nyumba za baraza la jiji katika Maringo na Jericho, nyumba za wenye mishahara za Buruburu, kisha, kadiri mji unavyotanda, maghorofa ya Umoja, Kayole na Dandora, yaliyokaribiana hata jirani wa ghorofa ya nne aweza kumpa mwenziwe chumvi kwa mkono kupitia dirishani. Lakini wakaazi wa mitaa hiyo wakutanapo asubuhi penye kibanda cha mama mboga hawaulizani habari za paa wala za kuta. Huulizana kama maji yametoka, kama taa ya koti (uwanja wa katikati ya nyumba) iliwaka usiku, kama mtaro umezibuliwa, kama mwendesha boda boda aliyegongwa juzi amepata nafuu, na kama yule kijana wa mlango wa tatu ameachiliwa kituoni. Mambo hayo yote hutukia nje ya mlango, katika ile nafasi iliyo baina ya nyumba na nyumba, ambayo haina hati, haina mpangaji, na mara nyingi haina hata mtu wa kuulizwa habari zake.

Biashara ndogo, huduma za mtaa, afya na usalama, mambo ambayo serikali huyagawa katika ofisi mbalimbali na magazeti huyatenga katika kurasa mbalimbali, katika Eastlands ni shauri moja lenye makao mamoja, nayo makao hayo ni uwanja wa pamoja: koti lililozungukwa na nyumba, kichochoro, kando ya barabara, ukingo wa mto. Uwanja huo ukitunzwa, mambo yote manne hustawi pamoja; ukiporwa, au ukiachwa bila mwenyewe, yote manne huharibika pamoja, na uharibifu huo huanza zamani sana kabla ya kutangazwa kwa jina la moto, mafuriko au jengo lililoporomoka.

Mji uliogawanywa kwa hoja ya afya

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kambi ya wajenzi wake, iliyotuliwa karibu na kinamasi kwa haja za gari moshi zaidi ya haja za maskani ya watu, ikageuka mji kabla ya mtu yeyote kufikiri mji huo ungekaaje. Haikupita miaka mingi tauni ilizuka katika bazari, na wakuu wa siku zile wakaona dawa yake ni kuiteketeza bazari kwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, tabibu aliyeletwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alishauri kwamba watu wa asili mbalimbali wakae mbalimbali kwa ajili ya afya. Na kwa kuwa ushauri huo uliafikiana na maslahi ya wenye mamlaka, Wazungu walitwaa miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu upitishao maji, na Waafrika wakasukumwa mashariki, katika tambarare za udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Hivyo afya, iliyo haja ya kila mwenye mwili, ilifanywa hoja ya kuwatenga watu, na athari za mgawo huo zingali zaonekana kila mvua kubwa inyeshapo.

Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikiwa maskani rasmi ya Waafrika. Pale mtu aliruhusiwa kujenga nyumba yake, hata kupangisha vyumba vyake, lakini ardhi haikuwa yake. Na wengi katika wajenzi wa kwanza walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili, waliotia misikiti, vyuo na adabu za ujirani wa kale katika sehemu yake iitwayo Majengo. Mwaka 1926 ilianzishwa nyumba ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati ule, ambayo leo ndiyo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mojawapo ya hospitali kubwa za uzazi katika Afrika, mahali ambapo sehemu kubwa ya watu wa Nairobi walivuta pumzi yao ya kwanza. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa watu wake walipelekwa Shauri Moyo, na waliokuwa wenye nyumba wakajikuta wapangaji wa manispaa.

Kisha ikajengwa Kaloleni, katika miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitalia wakishiriki katika kazi, kwa mfano wa ile miji ya bustani iliyosifiwa wakati huo Uingereza: nyumba za mawe ziliwekwa kuzunguka viwanja vya majani, njia zikaelekezwa katikati, na katikati pakawekwa ukumbi wa jamii. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson, uliitukuza fikira hiyo ya ujirani wenye shule yake, uwanja wake na maduka yake. Insafu yatutaka tuseme kwamba waliopanga hayo hawakusukumwa na mapenzi. Walitaka wafanyakazi wenye siha na utulivu, ambao wangechungwa bila taabu. Lakini uwanja ukiisha kuwapo hutawaliwa na wakaao, si na waliouchora. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union) na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Majuma machache baadaye yeye na Fred Kubai, mwenziwe katika uongozi wa wafanyakazi, walitiwa mbaroni, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Ukumbi uliojengwa ili watu wastarehe na kusahau ukawa mahali pa kukumbushana.

Makoti ya Dandora na pembe za Buruburu

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vizuizi vya kuingia mjini vilianguka, na watu wakafurika kuliko nyumba zilizokuwapo. Serikali mpya ilijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya watu wenye mishahara: Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka 1973 kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ikaendelea kwa awamu tano, nyumba zake zikiuzwa kwa mkopo na kupangwa kuzunguka makoti yenye bustani. Njia ya pili ilikuwa ya watu wa kipato kidogo: kwa mapatano ya mwaka 1975 na Benki ya Dunia, zilipimwa Dandora ploti zipatazo 6,000, na badala ya kumpa mtu nyumba kamili, mradi ulimpa kipande cha ardhi chenye maji, bomba la maji machafu, choo na bafu, ili vyumba ajijengee mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Ploti hizo nazo zilizunguka makoti, ambamo watoto wangecheza na akina mama wangeanika nguo.

Fikira hiyo ilikuwa na busara nyingi, kwa maana ilimtambua maskini kuwa mjenzi. Illa ilisahau kwamba mahali penye uhaba wa nyumba, pango ndilo mchoraji mkuu. Mwenye ploti aliyejenga vyumba viwili akaona wapangaji wamepanga foleni. Akaongeza cha tatu na cha nne. Mtoto wake akapandisha ghorofa, na mnunuzi aliyefuata akapandisha nyingine juu yake. Mabomba yaliyopimwa kwa ajili ya jamaa wachache yakabeba maji machafu ya makumi ya watu, yakafurika. Makoti, ambayo hayakuwa ya mwenye ploti hata mmoja, yakawa mahali pa kutupia taka mchana na mahali pa kuvizia watu usiku. Buruburu nako nyumba za pembeni, zilizopakana na barabara, zilisukuma kuta zake nje zikawa duka, kinyozi, zahanati, shule ya chekechea au baa, hata mtu aliyeondoka mtaani kijana akirudi mzee atapata shida kuutambua mlango wa kwao.

Kibanda na ukuta

Usidhani kwamba mabadiliko hayo yote yalikuwa ya tamaa tupu. Mjane aliyejenga chumba cha duka mbele ya nyumba yake aghalabu alilipa kwa kodi ya chumba hicho ada za watoto wake, na mtu aliyefutwa kazi kiwandani alipata katika meza ya mboga chakula ambacho kiwanda kilimnyima. Biashara ya mitaa hii huendeshwa kwa vipimo vidogo, jambo ambalo wenyewe hulifupisha kwa kuliita kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimwa kwa kikombe, unga wa nusu kilo, sukari ya kifuko, mkaa wa kopo, na sabuni iliyokatwa vipande. Mnunuzi wa kadogo, akijumlisha matumizi ya mwezi, hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa gunia. Lakini kibarua apataye ujira wake jioni hawezi kununua cha kesho kwa fedha za leo, na muuzaji aliye hatua chache kutoka mlangoni, ambaye humjua kwa jina na kumwandikia deni katika daftari, ndiye benki yake. M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 haikuifuta daftari hiyo. Iliipa tu njia ya kulipwa usiku, mtu akiwa bado yumo ndani ya matatu.

Fauka ya hayo, kibanda ni mlinzi asiye na mshahara. Mama mboga afunguaye alfajiri na kufunga saa tatu za usiku huona kila apitaye. Hujua mtoto asiyeenda shule, mzee ambaye hajaonekana tangu juzi, na pikipiki ngeni iliyozunguka mtaa mara tatu. Ndiyo sababu zile taa ndefu za mlingoti, ambazo watu waliziita mulika mwizi, zilipowekwa katika mitaa kadhaa, faida yake haikuwa ya kumtisha mwizi peke yake. Ziliwapa wauza samaki, chipsi na mitumba saa zaidi za biashara, na wauzaji hao wakawa macho ambayo taa peke yake haina. Kwa hiyo yafaa tupambanue baina ya namna mbili za kuutumia uwanja wa wote. Kibanda kinachoelekea njiani, kinachoacha nafasi ya kupita, na chenye mtu anayejulikana, huuongezea mtaa uhai; ukuta unaoziba njia, ukafanya ya faragha ardhi iliyokuwa ya wote, huutoa mtaa uhai kidogo kidogo. Askari wa kaunti abebaye meza ya mama mboga kwenye lori huku akiupita ukuta wa tajiri bila ya kuutazama amekosea katika yote mawili.

Pengo lijazwapo

Zipo nafasi ambazo ziliachwa wazi kwa sababu ya hatari, nazo zimejazwa kwa sababu ya umaskini. Huko Sinai, ndani ya eneo la viwanda, nyumba za mabati zilisimama juu ya njia ya bomba la mafuta na kando ya mfereji wa maji. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja, yakatiririka katika mfereji, watu wakakimbilia kuyachota, na moto ulioshika ukaua zaidi ya watu 100. Huko Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa kadhaa lililokuwa karibu na mto lilianguka likawafukia wakaazi wake. Waliokufa walipita 50, na mtoto mchanga alitolewa hai katika kifusi siku kadhaa baadaye. Gikomba, soko kuu la mitumba, limeungua mara nyingi hata watu wameacha kuhesabu. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, na taabu ya wazimamoto katika misiba hiyo imekuwa ni ile ile, kwamba vijia baina ya vibanda ni vyembamba na magari yao hayapiti. Huko Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika mahali pa kujazia mitungi palipokuwa katikati ya maskani, ilhali maombi ya kibali cha kuendesha kazi hiyo yalikuwa yamekataliwa. Na katika Aprili ya mwaka huo huo, mito iliyoizunguka mitaa hii ilifurika, na wakaazi wa kingo za mto Mathare wakapoteza vyombo, nyumba na jamaa, kisha wakabomolewa mabaki yao kwa amri ya kuondoka ukingoni.

Misiba hiyo, ijapokuwa ina majina mbalimbali, ina asili moja. Njia ya bomba, ukingo wa mto, kichochoro cha soko, umbali baina ya gesi na jiko la jirani: yote hayo ni nafasi ambazo zilipaswa kubaki tupu ili watu wabaki hai. Hakuna aliyezijaza kwa kupenda kufa. Walizijaza kwa kuwa pango la mahali pa salama liliwashinda, na kwa kuwa mwenye dhamana ya kusema hapana hakusema, au alisema akanyamazishwa. Mpangaji anayetafuta chumba leo ana haki ya kuangalia mambo machache kabla ya kulipa amana: kama kuna ngazi ya pili, kama machela yaweza kupita kichochoroni, mto uko umbali gani, ufunguo wa geti hukaa kwa nani usiku, na mitungi ya gesi hujazwa wapi. Likitokea la kutokea, nambari 999 na 112 hupokewa na polisi bila malipo. 116 ni ya mtoto aliye hatarini, na 1195 ni ya mtu aliyedhulumiwa nyumbani.

Siha ya mlangoni

Hospitali hazikosekani kabisa upande huu wa mji: mbali na Pumwani, iko Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ambayo wingi wa watu wa Embakasi, Kayole na Umoja huitegemea. Lakini daktari humpokea mgonjwa baada ya ugonjwa kukomaa, na maradhi mengi ya mitaa hii huzaliwa katika uwanja ule ule tunaousema. Maji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka Ndakaini, katika Murang'a, bwawa lililomalizika mwaka 1994, na kwa kuwa watu wamezidi kipimo chake, hutolewa kwa zamu. Siku ambazo si za zamu, mkokoteni wa mitungi ya lita 20 hupita mlangoni, na anayenunua hajui kama maji hayo yalichotwa kisimani, penye bomba la baraza, au penye bomba lililopasuka mtaroni. Kuhara na homa ya matumbo hufuata njia hiyo.

Dandora ina msiba wa ziada. Jaa kuu la taka za mji wote lilifunguliwa hapo katika miaka ya 1970, wakati ule ule ploti zilipokuwa zikipimwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapa hapa, lilitangaza uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wa karibu na jaa, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kipimo cha kutisha. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, wala hayana harufu ya kumwonya mama. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe katika miezi sita. Miezi hiyo ilikwisha, na malori yakaendelea kuja. Lakini hapa pia pana riziki: maelfu ya watu huokota plastiki, chuma na karatasi katika jaa hilo na kuziuza kwa mizani, hata mtu asemaye lifungwe bila ya kusema waokotaji watakula nini, amesema nusu ya neno.

Tiba iliyo karibu zaidi na mlango ni ile ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilitoa vifaa kwa wahamasishaji 100,000 wa nchi nzima, kila mmoja akikabidhiwa nyumba zipatazo 100, pamoja na mkoba wenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto na mizani ya mtoto. Na malipo yake ya mwezi yaliwekwa kuwa shilingi 5,000, nusu ikitoka serikali kuu na nusu katika kaunti. Malipo hayo ni haba, na si mara zote hufika kwa wakati. Hata hivyo kazi yenyewe huwezekana kwa sababu mhamasishaji ni jirani: hujua mlango gani una mja mzito, nani ameacha kumeza dawa za kifua kikuu, na mzee gani huficha ugonjwa wake. Elimu ya namna hiyo haipatikani katika jalada la hospitali. Hupatikana kwa kukaa penye koti jioni. Mkaazi asiyemjua mhamasishaji wake na amwulizie katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa maana kipimo cha shinikizo la damu kifanyikacho nyumbani mapema huzuia kiharusi ambacho gharama yake ingekula akiba ya chama kizima cha majirani.

Geti ni la nani?

Serikali ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania wa miaka ya 1960, wakaazi wengi wa Eastlands waliona wameletewa kitu ambacho nusu yake walikuwa nacho. Chama cha mzunguko, ambacho kila juma humkabidhi mwanachama mmoja michango ya wote, kundi la WhatsApp la koti, mchango wa hospitali na wa mazishi, soja wa usiku anayelipwa na nyumba zote: yote hayo ni ujirani uliojitengenezea kanuni. Huko Dandora, tangu kiasi cha mwaka 2014, vijana wa koti liitwalo Mustard Seed, na baada yao vikundi vilivyoshirikiana katika Dandora Transformation League, walianza kufanya jambo ambalo ramani ya mwaka 1975 ilikusudia: wakazoa taka, wakapaka rangi kuta, wakapanda miti, wakatia geti, wakaweka mahali pa watoto kucheza, na wakashindanisha koti na koti ili kila moja lione aibu ya kuwa la mwisho. Vijana ambao majirani waliwaogopa wakawa walinzi wa koti, wakilipwa kwa michango ya wakaazi na kwa kazi kama kuosha magari. Usafi, ulinzi na ajira vilikuja pamoja, kwa kuwa havikuwa vimetengana kamwe.

Lakini sifa isitupofushe. Geti lifungalo koti laweza pia kufunga njia ya umma, na jirani maskini wa upande wa pili akalazimika kuzunguka gizani. Kikundi kikusanyacho mchango wa ulinzi chaweza, pasipo daftari wala mkutano, kugeuka kuwa genge litozalo watu kwa vitisho; Eastlands imeyaona hayo katika stendi za matatu na katika maghorofa yanayojengwa. Tofauti baina ya ada na unyang'anyi ni ndogo nayo ni hii: mlipaji hupewa risiti, huitwa mkutanoni, na aweza kumbadili mweka hazina bila kuhofia maisha yake. Kwa vikundi vyenye nia njema, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imefungua mlango. Kikundi kilichosajiliwa katika idara ya maendeleo ya jamii kina cheti, katiba na haki ya kufungua akaunti.

Wala usalama hauwezi kupatikana kwa kumwona kila kijana kuwa mwizi. Katika Mathare, Dandora na Kayole wazazi wengi wamezika watoto waliopigwa risasi bila hukumu, na watetezi wa haki wa mitaa hiyo wamekuwa wakiandika majina yao ili yasisahauliwe. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya namna hiyo kutoka kwa raia yeyote. Jirani apelekaye habari kituoni anahitaji yakini kwamba habari yake itamfikisha mshukiwa mahakamani. Akikosa yakini hiyo atanyamaza, na kimya chake ndicho ngao ya mhalifu wa kweli.

Minara ijayo

Mitaa mikongwe ya baraza sasa imo katika mabadiliko makubwa kuliko yote tangu ijengwe. Mtaa wa baraza wa Pangani, ulio mwingine na kile kijiji cha kale, umekwisha bomolewa na minara ya nyumba za bei nafuu imesimama mahali pake, na mipango ya namna hiyo imeelekezwa pia Shauri Moyo na kwingineko. Nyumba za miaka ya 1940 zimechakaa, mabomba yake yameoza, na ardhi iliyo karibu hivi na mji haiwezi kubaki ya ghorofa moja milele. Anayepinga kila jengo jipya anapinga pia watoto wake kupata chumba. Hatari iliyopo ni nyingine: kwamba hesabu itafanywa kwa idadi ya vyumba peke yake, na viwanja vya majani vilivyowaonea huruma wazee wa Kaloleni vikaitwa ardhi isiyotumika.

Katiba ya mwaka 2010 imempa mkaazi silaha dhidi ya hesabu hiyo. Kifungu cha 42 kimemhakikishia mazingira safi, na kifungu cha 43 kimemhakikishia afya, makao yafaayo na maji. Ushirikishwaji wa wananchi umetajwa miongoni mwa misingi ya utawala, na huduma za afya pamoja na upangaji wa mitaa ziko mikononi mwa kaunti, ambayo wawakilishi wake huchaguliwa kwa kura. Kwa hiyo maofisa waletapo mchoro barazani, mkaazi asiishie kuuliza nyumba ni ngapi na bei yake kiasi gani. Aulize ngazi ya pili iko wapi, gari la zimamoto litageukia wapi, mama mboga ataweka wapi meza yake, maji machafu ya ghorofa ya kumi yataingia katika bomba la upana gani, taa ya uwanja italipwa na nani baada ya wanasiasa kuondoka, na wapangaji wa sasa watarudi kwa hati gani. Kila swali katika hayo lina jibu liwezalo kuandikwa, na jibu lililoandikwa, likatiwa sahihi na kuhifadhiwa na wakaazi wenyewe, laweza kudaiwa mahakamani siku ambayo ahadi ya mdomo itakuwa imekwisha sahauliwa na aliyeitoa.